Seli na Utando Wake: Mwongozo Kamili wa Kuona Vitu Vikiingia na Kutoka

Kwa miaka kadhaa ya kufundisha baiolojia hapa Ujiji niliwaambia wanafunzi wangu kwamba "chumvi huvuta maji", nao waliandika hivyo madaftarini na kunirudishia hivyo hivyo kwenye mitihani. Siku moja tulichonga vikombe viwili vya viazi mviringo, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa mpaka kikaiva, tukatia kijiko cha chumvi ya Uvinza ndani ya kila kimoja, kisha tukavisimamisha kwenye sahani zenye maji. Baada ya saa tatu kikombe kibichi kilikuwa na maji ya chumvi yaliyokaribia ukingo. Katika kile kilichopikwa chumvi ilikuwa imelowa tu. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Mwalimu, kama chumvi ndiyo inayovuta maji, mbona humu haikuvuta?"

Swali hilo lilinilazimisha kuanza upya. Chumvi ilikuwa ile ile, maji yale yale, na viazi vilitoka fungu moja la soko la Mwanga. Kilichokuwemo katika kiazi kibichi na kukosekana katika kile kilichopikwa ni utando wa seli ulio mzima. Mtu asiyeuelewa utando huo atakariri maneno difyusheni, osmosisi na usafirishaji amilifu bila kujua yanahusu nini, na katika shule zetu, ambako somo hili hufundishwa kwa lugha ambayo wengi bado wanajifunza, jambo hilo hutokea kila mwaka. Kwa hiyo nimeandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa sekondari na kwa mwalimu mwenzangu asiye na maabara kamili. Katika kila hatua tutauliza maswali mawili yale yale: je, kitu hiki kinaweza kupita kwenye utando? Na kama kinaweza, kiko kingi zaidi upande gani?

Vitu vya kuandaa

Hadubini moja ya shule inatosha, hata ile ya kioo inayotegemea mwanga wa dirishani. Ongeza slaidi na vifuniko vyake, iodini ya duka la dawa, chembe za pemanganeti ya potasiamu, mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kupimia mililita, wembe na rula. Vitu vingine vyote vinapatikana jikoni: viazi mviringo, vitunguu vyekundu, mchicha mwekundu, mayai, siki, asali, sukari, chumvi, sabuni na mawese kidogo. Mizani ndiyo ya kutafutwa kwa bidii kuliko kitu kingine. Darasa lisilo nayo linaweza kuazima kwa siku moja kwa muuza duka, kwa sababu kijiko cha kukadiria huharibu jaribio la osmosisi kuliko kosa lingine lolote.

Hatua ya kwanza: iangalie seli kabla ya kuichora

Neno "seli" katika maana hii lilianza na Mwingereza Robert Hooke, ambaye mwaka 1665 alichapisha michoro ya kipande cha gome la mwaloni wa vizibo alichokitazama kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vilivyopangana. Alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Ilichukua zaidi ya miaka 170 kabla wanasayansi Schleiden, mwaka 1838, na Schwann, mwaka 1839, hawajatamka kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli. Mwanafunzi anayetazama kitunguu leo ana bahati kumzidi Hooke, kwani seli anazoziona zingali hai.

Kata kitunguu katika robo, tenga ganda moja nene, na kwenye upande wake wa ndani ubandue kwa kucha ngozi nyembamba inayoangaza kama karatasi ya nailoni. Weka tone la maji juu ya slaidi, tandaza ngozi hiyo bila kuikunja, kisha ushushe kifuniko polepole kwa kukiegemeza upande mmoja kwanza ili hewa itoke. Mapovu ya hewa yana ukingo mnene mweusi na ni ya mviringo kamili; wanafunzi wengi huyachora wakidhani ni seli. Anza na lenzi ndogo, tafuta mahali ambapo ngozi haikupandana, ndipo uhamie lenzi ya 10, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya 10 hukuza mara 100.

Utaona safu za vyumba virefu kama matofali. Dondosha iodini kwenye ukingo wa kifuniko, uivute kwa kugusisha kipande cha karatasi ya kunyonya upande wa pili, na baada ya dakika moja au mbili kiini kitatokeza kama nukta ya kahawia isiyokolea, mara nyingi kikiwa kimesogea pembeni. Kiini hakikai katikati kama tunavyozoea kukichora. Kimesukumwa pembeni na vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa maji yenye sukari, chumvi na rangi, ambao katika seli iliyokomaa ya mmea huchukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Saitoplazimu, ule ute ambamo kazi za seli hufanyika, hubaki kama tabaka jembamba kati ya vakuoli na ukuta.

Pima pia ukubwa wake, jambo ambalo mara nyingi huachwa ingawa ni rahisi. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hadubini nyingi za shule ni karibu 4.5. Ukihamia lenzi ya 10, upana huo hupungua kuwa 4.5 mara 4 gawanya kwa 10, yaani milimita 1.8. Ukihesabu seli 7 zilizojipanga kwa urefu katika nafasi hiyo, kila moja ina karibu robo milimita. Hizo ni seli kubwa. Chembe nyekundu ya damu yako ina upana wa takriban mikromita 7 hadi 8, na mikromita 1,000 ndizo zinazotimiza milimita moja.

Viungo vingine vya seli havitaonekana kwa hadubini hii, nami siwashauri wanafunzi wavichore kana kwamba wameviona. Mitokondria huvunja chakula na kutoa nishati katika umbo la ATP, ribosomu huunda protini, na kloroplasti hutengeneza sukari kwa mwanga. Za mwisho utaziona ukitazama jani changa la mmea wa majini, lakini hutaziona katika kitunguu, kwa kuwa kitunguu hukua ardhini bila mwanga wa kutosha. Seli ya mnyama haina ukuta, haina kloroplasti, wala haina vakuoli kubwa ya kudumu. Tofauti ya ukuta ishike vizuri, maana tutaihitaji katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: elewa utando kwa mawese na sabuni

Utando wenyewe hauonekani, kwa sababu unene wake ni nanomita 7 hadi 8 tu, nayo mikromita moja ina nanomita 1,000. Tutauelewa kwa kitu ambacho kila nyumba ya Kigoma inacho.

Mimina maji ya uvuguvugu kwenye bilauri na udondoshe juu yake matone matano ya mawese yaliyopashwa moto. Yatatanda juu kwa miduara myekundu. Koroga kwa nguvu: yatavunjika kuwa vitone vidogo, lakini baada ya muda mfupi vitone hivyo vitarudi kukutana. Sasa tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji na ukoroge tena. Maji hugeuka kuwa meupe yenye wekundu hafifu, na mafuta hayarudi upesi juu. Sabuni imeweza kusimama kati ya maji na mafuta kwa sababu molekuli yake ina ncha mbili zenye tabia tofauti: ncha moja hupatana na maji na nyingine hupatana na mafuta.

Utando wa seli umejengwa kwa molekuli za namna hiyo hiyo ziitwazo fosfolipidi. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwa kuwa kuna maji nje ya seli na ndani yake pia, molekuli hizi hujipanga zenyewe katika safu mbili: vichwa vya safu moja vikielekea nje, vichwa vya safu nyingine vikielekea ndani, na mikia yote ikifichana katikati. Hapo katikati pana tabaka la mafuta, na tabaka hilo ndilo linaloamua nani apite. Oksijeni na kaboni dayoksaidi ni ndogo na hazina chaji, kwa hiyo hupenya moja kwa moja. Maji hupenya kwa shida kidogo. Glukosi ni kubwa mno na hupatana na maji kuliko mafuta, kwa hiyo husimama. Ioni za sodiamu, potasiamu na kloraidi, hata zikiwa ndogo namna gani, zina chaji na haziwezi kuingia katika mafuta.

Katikati ya safu hizo mbili zimepachikwa protini, nyingine zikitoboka toka upande hadi upande kama milango. Kielelezo hiki cha utando kilielezwa na wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972, nao walisisitiza kwamba utando si ukuta mkavu: fosfolipidi husogea na protini huelea kati yao. Mtu aliyeona mawese yakiganda asubuhi ya baridi kule Heru Juu na kuyeyuka jua linapopanda anaelewa kwamba mafuta hubadilika kwa joto. Utando nao hukaza kwenye baridi na kulegea kwenye joto, na joto likizidi sana protini zake huharibika.

Jaribio la mchicha mwekundu linathibitisha hilo kwa dakika kumi. Kata majani machache vipande sawa, uvioshe mpaka maji yatoke meupe ili kuondoa rangi ya seli zilizokatwa kwa kisu, kisha ugawe vipande katika vikombe viwili, kimoja cha maji baridi na kingine cha maji yanayokaribia kuchemka. Katika maji baridi vipande hukaa bila kutoa rangi ya maana, ilhali katika maji ya moto rangi hutoka kwa wingi na maji huwa mekundu. Rangi hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya vakuoli. Joto limeharibu utando uliokuwa ukiizuia, na hilo ndilo lililokipata kile kiazi chetu kilichopikwa.

Hatua ya tatu: difyusheni

Hapa hatuhitaji kukaa sana. Dondosha chembe moja ya pemanganeti katika bilauri ya maji baridi yaliyotulia na nyingine katika maji ya moto, usikoroge, na uandike muda ambao rangi ya zambarau imechukua kuenea kote. Molekuli husogea ovyo wakati wote, na kwa sababu ziko nyingi mahali pamoja, zinazotoka hapo ni nyingi kuliko zinazorudi. Huo mwendo wa jumla kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo ndio difyusheni, na joto huuharakisha.

Lipo jambo moja katika hatua hii linalostahili kazi ya mikono. Kata michemraba ya kiazi yenye pande za sentimita 1, 2 na 3, izamishe katika mmumunyo wa pemanganeti kwa dakika 30, kisha upasue kila mmoja katikati. Rangi itakuwa imeingia kina kilekile katika yote mitatu, lakini katika mche mdogo sehemu iliyofikiwa ni kubwa kwa kulinganisha na ujazo wake. Hesabu inaonyesha sababu: mche wa sentimita 1 una eneo la sentimita za mraba 6 kwa ujazo wa sentimita 1 ya ujazo, wa sentimita 2 una 24 kwa 8, yaani 3 kwa 1, wa sentimita 3 una 54 kwa 27, yaani 2 kwa 1. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, ndivyo uso wake unavyopungukiwa. Hiyo ndiyo sababu seli ni ndogo, na ndiyo sababu ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vinyweleo.

Hatua ya nne: osmosisi, pamoja na sentensi ya kuifuta

Futa "chumvi huvuta maji". Badala yake andika: maji hupita kwenye utando pande zote mbili, lakini kwa jumla huelekea upande ambao vitu vilivyoyeyuka ni vingi, kwa sababu upande huo maji yaliyo huru ni machache. Sharti la sentensi hii ni kwamba utando upitishe maji na uzuie kile kilichoyeyuka. Sharti hilo likivunjika, kama katika kiazi kilichopikwa, chumvi hujipenyeza yenyewe kwenye kiazi mpaka ukolezi ulingane, wala maji hayana sababu ya kupanda.

Jaribio la vikombe ni la kuonyesha. Jaribio la kupima ni hili lifuatalo, na ningependa kila mwanafunzi alifanye angalau mara moja kabla ya kidato cha nne.

Tayarisha mimumunyo mitano ya sukari: gramu 0, 5, 10, 15 na 20, kila moja ikiongezewa maji hadi kufika mililita 100. Kutoka kiazi kimoja kikubwa (viazi viwili tofauti vina kiasi tofauti cha sukari na wanga, navyo vitakuvurugia matokeo) kata vijiti vyenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 1, bila ganda hata kidogo, maana ganda huzuia maji. Kaushe kila kijiti kwa karatasi laini kwa kukigusa bila kukikamua, kipime, andika uzito wake, na ukizamishe katika mmumunyo wake. Acha kwa saa mbili au tatu. Ukivitoa, vikaushe kwa namna ile ile na uvipime tena.

Usilinganishe gramu, linganisha asilimia, kwa sababu vijiti havikuanza na uzito sawa. Kijiti kilichotoka gramu 4.0 hadi 4.6 kimeongezeka 0.6, yaani asilimia 15. Kilichotoka 4.2 hadi 3.7 kimepungua 0.5, yaani karibu asilimia 12. Chora grafu, sukari ikiwa kwenye mhimili wa chini na asilimia kwenye mhimili wa wima. Mahali mstari unapokata sifuri ndipo ukolezi wa nje unapolingana na wa ndani ya kiazi. Kwa viazi vingi mstari hukata karibu na gramu 10. Kabla ya kuandika chochote, shika kijiti cha maji matupu na kile cha gramu 20 mkononi. Cha kwanza ni kigumu na hukatika kwa mlio. Cha pili kimelegea na hujipinda kama mhogo uliokaa juani siku nzima. Ugumu ule wa kwanza ni msukumo wa maji kutoka ndani ukikutana na ukuta wa seli, nao ndio unaosimamisha mchicha na majani yote yasiyo na mti mgumu.

Sasa rudi kwenye hadubini, safari hii na ngozi nyekundu ya nje ya ganda la kitunguu, ambayo rangi yake imo ndani ya vakuoli. Itazame kwanza kwenye maji: wekundu unajaza chumba chote. Vuta mmumunyo wa chumvi, gramu 5 kwa mililita 100, upite chini ya kifuniko kwa karatasi ya kunyonya kama ulivyofanya kwa iodini. Ndani ya dakika chache wekundu huanza kuachana na pembe za chumba, hujikusanya, na mwisho hubaki kama tonge katikati, huku ukuta ukiwa umesimama palepale. Hali hii huitwa plasimolisisi. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kwenye hadubini mpaka kengele ikalia, na bado nasita kumwachia mwanafunzi nafasi kabla sijachungulia mwenyewe. Ukirudisha maji matupu mapema, wekundu hutanuka tena, na hapo unajua seli haikufa.

Jiulize: nafasi iliyobaki kati ya ukuta na tonge jekundu imejaa nini? Wengi hujibu "hewa" au "haina kitu". Imejaa mmumunyo wa chumvi, kwa kuwa ukuta wa seli hupitisha maji na chumvi bila kuchagua. Anayechagua ni utando peke yake.

Chembe ya damu haina ukuta huo. Ikiwekwa kwenye maji matupu huvimba mpaka ikapasuka, na ikiwekwa kwenye maji ya chumvi nyingi husinyaa. Ndiyo sababu dripu ya kawaida ya chumvi hutengenezwa kwa gramu 9 kwa kila lita, kiasi kinacholingana na ukolezi wa damu. Mambo mengine ya mkoa wetu yanafuata kanuni ile ile. Samaki anayepasuliwa na kupigwa chumvi hudumu, si kwa sababu chumvi ni "sumu", bali kwa sababu bakteria wanaotua juu yake hupoteza maji kupitia tando zao na kushindwa kuzaliana. Asali ya Tabora huhimili miezi mingi kwa sababu hiyo pia. Mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa kwenye shina la mhindi wakati udongo ni mkavu, maji hutoka kwenye mizizi badala ya kuingia, na mkulima husema mbolea imeunguza.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wa ngumi, loweka yai katika siki kwa siku moja au mbili hadi ganda liyeyuke, lipime, liache usiku kucha kwenye maji, lipime tena, kisha lihamishie kwenye asali. Litavimba, halafu litasinyaa. Waeleze wanafunzi ukweli kwamba ngozi inayobaki ni ya nyuzi za protini na si utando wa seli kama ule wa hatua ya pili. Inafanana nao kwa kuwa hupitisha maji kwa wepesi na kuzuia molekuli kubwa.

Hatua ya tano: milango na pampu

Kama tabaka la mafuta huzuia glukosi na ioni, seli inakulaje? Kwa kupitia protini. Baadhi ni milango tu: hufungua njia, na kitu hupita kutoka penye wingi kwenda penye uchache bila seli kutumia nishati. Glukosi huingia katika chembe nyekundu za damu kwa njia hiyo. Hata maji yana mlango wake, protini iitwayo akwaporini; Peter Agre alipata tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuigundua, na protini moja ya aina hiyo inaweza kupitisha takriban molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde moja.

Protini nyingine ni pampu. Hizi hupeleka kitu kutoka penye uchache kwenda penye wingi, kinyume cha mwelekeo wake, na kwa sababu hiyo hutumia ATP. Huo ndio usafirishaji amilifu. Pampu maarufu kuliko zote iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957: kwa kila molekuli moja ya ATP hutoa ioni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Seli zako zinaifanya kazi hiyo sasa hivi unaposoma.

Mfano ulio karibu nasi ni dagaa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari, na damu ya samaki ina chumvi nyingi kuliko ziwa. Kwa osmosisi maji huingia mwilini mwake bila kukoma kupitia matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Chumvi nazo humponyoka kwa difyusheni. Seli maalumu za matamvua yake hufanya kazi ya kukamata ioni kutoka kwenye maji na kuzirudisha damuni kwa nguvu za ATP. Pampu hizo zikisimama, samaki hufa ndani ya maji yaliyo safi kabisa.

Hatua ya sita: pakiti ya ORS

Watu wa mwambao wa ziwa wanaijua kipindupindu. Mei 2015 ugonjwa huo uliwapata kwa maelfu wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wamekusanyika Kagunga, na pakiti za ORS, yaani dawa ya kunywa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyohitajika. Kinachotokea katika utumbo ni habari ya utando tangu mwanzo hadi mwisho. Sumu ya bakteria hufungulia milango ya kloraidi ya seli za utumbo na kuiacha wazi. Kloraidi hutoka kwa wingi, sodiamu huifuata, na maji hufuata kwa osmosisi. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja.

Akinywa maji matupu hayaingii vya kutosha. Lakini ukuta wa utumbo una protini nyingine ambayo sumu ile haikuigusa. Protini hiyo haipokei glukosi peke yake. Huingiza ioni 2 za sodiamu pamoja na molekuli 1 ya glukosi, zikishikana kama abiria wa tiketi moja. Zikiingia, maji huzifuata. Ndiyo maana sukari imo katika dawa ya kuharisha: inafungua njia ya chumvi, na chumvi inafungua njia ya maji. Pakiti ya kawaida ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu, na mmumunyo wake ni mwepesi kidogo kuliko damu ili maji yaelekee mwilini.

Hapo ndipo kosa la kuchanganya linapokuwa hatari. Jirani yangu mmoja, kwa upendo na wasiwasi, aliyeyusha pakiti mbili katika lita moja akiamini mtoto atapona upesi. Mtoto akazidi kuwa na kiu na kuharisha. Mmumunyo ule ulikuwa mzito kuliko damu, kwa hiyo maji yalitoka mwilini kwenda utumboni, sawasawa na kile kijiti cha gramu 20. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapona.

Changanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Pima lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa chupa unayoijua ujazo wake. Mimina pakiti moja yote, si nusu wala mbili, na ukoroge mpaka iyeyuke. Usiongeze sukari, chumvi, juisi wala soda. Kama pakiti haipo kabisa, tumia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, katika lita moja. Mpe mtoto kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi, na kama ananyonya, aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, au choo kina damu au kinafanana na maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage na utengeneze mwingine.